Kabla ya Jukwaa, Pitia Kwangu

Weldon mwanangu, iko siku moja ninayoikumbuka mpaka matope yake, na leo nataka nikusimulie. Nakutumia kwa sauti kwa sababu nikiandika na hiki kidole changu tutafika Krismasi. Tafuta mahali ukae. Na usiniongezee mwendo, ile tabia yenu vijana ya kumfanya mtu mzima alie kama kifaranga ndani ya simu. Mimi nimesema pole pole maisha yangu yote na hakuna mahali nimechelewa.

Kwanza nitaje lililo wazi, tusizungukane. Ulirudi kutoka Somalia mahindi yakiwa magotini, na sasa tumeshavuna, tumeshaanika. Gilbert wangu, mliyeondoka naye asubuhi moja mkiwa na mabegi yanayofanana, alikuwa ametangulia kurudi, ndani ya sanduku lenye bendera. Tulimzika wewe ukiwa bado huko. Tangu urudi hujakanyaga kwangu. Kati ya mistari ya chai yangu sasa kuna njia mpya, inatoka kwenu juu inateremka mpaka kituo cha majani, na inalikwepa lango langu vizuri kabisa. Wachumaji wangu wameifurahia, wanapitisha vikapu vyao hapo. Mimi nimeiangalia tu.

Sasa nasikia Sikukuu ya Mashujaa inakuja na vijana wa kikundi chenu wamepanga kukupeleka Kapkatet, ukae jukwaani, uvishwe shada la sinendet, upigiwe makofi. Wamechapisha tisheti zenye sura yako. Nasikia pia umezima simu, hutaki kuongea na mtu, na kikundi kinasema Weldon anaringa. Haki ya Mungu! Mtu anayeringa hapiti katikati ya chai yenye umande, akalowa mpaka kiunoni, ili asionekane na mwanamke mzee. Huringi wewe. Hii kitu mimi niliiona zamani kabla hujazaliwa, na nilikuwa pale pale mbele, nimebeba maziwa.

Siku hizo nilikuwa bibi harusi mpya. Unajua mimi si wa hapa kwa kuzaliwa. Nililetwa kutoka upande wa Kisii, ambako si mbali, ukisimama juu hapo unaona moshi wa kwetu, lakini msichana akishaolewa hata moshi wa kwao unakuwa mbali. Kikipsigis sikukijua. Na mama mkwe wangu tulizungumza Kiswahili, yeye akivunja chake na mimi nikivunja changu, na tulielewana kuliko wengi ninaowajua waliozaliwa na lugha moja. Yeye ndiye aliyenifundisha mursik. Kwetu pia tunagandisha maziwa, lakini si haya ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa. Siku ya kwanza nilipoyaona yametoka na rangi ya majivu nilidhani kumetokea ajali jikoni. Alinicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanionyesha vibuyu vilivyoning'inia ukutani, kila kimoja na mwenyewe. Katika nyumba yake, mtoto akisafiri kibuyu chake hakiachwi kitupu. Maziwa yakizidi siku zake yanapewa ndama, kibuyu kinasuguliwa, kinajazwa tena. Hivyo hivyo mpaka mwenyewe arudi ayanywe.

Kilichokuwa kinangoja siku hizo ni cha shemeji yangu Kibet, mdogo wa mume wangu. Kibet aliingia jeshini pamoja na Kiplangat, kijana wa jirani yetu, ile nyumba ya kwenye kona ambapo sasa kuna kinyozi. Walikuwa wamesoma pamoja, wamechunga pamoja, na wametahiriwa pamoja. Wakapelekwa nchi ya mbali kulinda amani kati ya watu ambao, kwa jinsi redio ilivyosema, hawakuwa na haja nayo. Mama mkwe hakuweza hata kulitamka jina la hiyo nchi. Alikuwa anasema tu, kule.

Kule ndiko Kiplangat alikofia. Gari lao lilipita juu ya kitu kilichotegwa barabarani. Wakamleta, wakamzika kwa heshima, wakapiga bunduki hewani mpaka ng'ombe wa mtaa mzima wakavunja ua, na watu wazima waliovaa suti za maombolezo wakaanza kukimbizana na ndama kwenye chai. Mama Kiplangat alisimama wima muda wote. Mkubwa mmoja akampigia saluti, akampa bendera iliyokunjwa, akamwambia mwanawe alikuwa askari mzuri. Wakapanda magari yao wakaenda. Kibet hakupewa ruhusa ya kuja. Alibaki kule akimaliza muda wake.

Aliporudi ilikuwa mchana, siku ya kazi. Alishuka garini pale dukani, akaja moja kwa moja kwa mama yake. We! Vigelegele vya siku ile. Mama mkwe alishusha kibuyu akamimina, na Kibet akanywa amesimama, na sisi wote tukalia kwa furaha. Hata mimi nililia, na nilikuwa sijawahi kumwona. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba sauti zile zinafika kwenye ile nyumba ya kona. Chai hairefuki hata izuie sauti. Vigelegele vinapita juu yake tu.

Haukupita muda tukaanza kuona mambo. Kibet hakai mbele ya nyumba, anakaa nyuma, ameangalia chai. Ukimwita anashtuka. Akitumwa dukani hapiti barabarani, anateremka kwa chini, anakata shamba la huyu na la yule, anatokea juu akiwa amejaa matope. Njia yenyewe ilikuwa kama hii yako. Mama yake akasema amechoka, atapumzika. Mume wangu akasema ni hali ya askari, wako hivyo. Mchungaji akaja akamwombea. Kibet akasema amina, akarudi nyuma ya nyumba.

Sasa ikaja sikukuu. Ni hii hii ya mwezi wa kumi, siku hizo ikiwa na jina lingine. Tulikuwa na naibu wa chifu, mtu wa shughuli nyingi, si mbaya, lakini alipenda sana kuonekana na wakubwa. Akasema mwaka huu mtaa wetu una shujaa wake, tutamfikisha uwanjani mbele ya mkubwa wa wilaya, tuone kama mitaa mingine ina kitu cha kutuonyesha. Aliongea kana kwamba ana fahali wa maonyesho. Watu wakafurahi, na furaha yao ilikuwa ya kweli, sitaki kuwasingizia. Walitaka kumshukuru Kibet na hawakujua namna nyingine. Kwaya ikafanya mazoezi. Kibet akaambiwa. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, na naibu wa chifu akaenda zake akiwa ameshahesabu ndiyo.

Asubuhi ya siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha na barabara ilikuwa uji. Wanawake walikuwa wameteremka mtoni kukata sinendet, ule mmea wa kutambaa. Mimi nilielezwa na mama mkwe kwamba wanavishwa vijana wakitoka jandoni, na washindi wa mbio, na watu wa furaha kwa jumla. Nikasema sawa. Kazi yangu mimi ilikuwa kubeba kibuyu mbele ya msafara, ili Kibet anyweshwe pale uwanjani watu wote wakiona. Nilikuwa nimevaa viatu vya harusi. Usiniulize ni kwa nini nilivaa viatu vya harusi kwenye matope yale, nilikuwa mdogo na nilitaka kupendeza.

Msafara ukapanda ukiimba, ukapita langoni kwa Mama Kiplangat, ukafika kwetu. Wakati wa kupita nilimwona. Alikuwa ameketi mlangoni kwake anasugua kibuyu. Alituangalia, akatusalimu kwa mkono, akaendelea kusugua. Nadhani kila mtu alimwona, na kila mtu akaimba kwa nguvu zaidi, maana ni nani alijua la kufanya?

Kibet akatoka amevaa sare, imepigwa pasi. Wakamvisha sinendet shingoni. Alikubali kila kitu, akageuzwa huku na huku. Tukaanza kuteremka naye, kwaya nyuma, naibu wa chifu pembeni akiwapungia watu waliosimama kwenye chai. Tulipokaribia ile kona, Kibet akasimama. Nilikuwa mbele yake tu, nikasikia viatu vyake vimenyamaza. Nikageuka. Uso ulikuwa umekakamaa na jasho linateremka, na asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi. Naibu wa chifu akamgusa kiwiko, akamwambia twende afande, mkubwa anangoja. Hakusonga. Akaishika ile sinendet kwa mikono miwili, akaivua polepole, akabaki nayo hajui aiweke wapi.

Nyimbo zikakatika moja moja. Nyuma nikaanza kusikia watu. Mmoja akasema, huyu anaringa, amezoea wazungu. Mwingine akasema amerogwa. Wa tatu akasema serikali inawaharibu watoto. Mama mkwe wangu akaanza kulia, na naibu wa chifu akaanza kupaza sauti, na mimi nikakumbatia kile kibuyu nikatamani kurudi kwetu Kisii kwa miguu.

Hapo ndipo alipofika Mzee arap Mosonik. Alikuwa nyuma ya wote kwa sababu ya mguu wake. Huyu alipigana vita vya wazungu akiwa kijana, kule Burma, na siku zote nilizomjua hakuwa ameviongelea. Tulimjua kwa nyuki zake na kwa ukali wake. Akapita katikati ya watu akiwasukuma kwa fimbo, taratibu, mpaka akafika mbele, akasimama kati ya Kibet na naibu wa chifu.

Akauliza, "Sinendet anavishwa nani?"

Yeye mwenyewe akajibu. Akasema sinendet anavishwa mtu aliyemaliza. Aliyemaliza mbio, aliyemaliza jando. "Huyu, nani amewaambia amemaliza?"

Naibu wa chifu akasema, mzee, kwa heshima, tumechelewa, mkubwa anangoja. Mzee akamwambia, "Angoje. Hata mama yangu alingojeshwa." Kisha akasema maneno ambayo nilitafsiriwa baadaye na mume wangu, kwa sababu alihama Kiswahili akaingia Kikipsigis, na alikuwa hasemi tena na naibu wa chifu, alikuwa anatusema sisi wote.

Alisema vita vilipoisha yeye alishuka kwenye treni Fort Ternan akaja kwa miguu. Alikuwa ameondoka na mwenzake na sasa alikuwa peke yake. Kwao alipaona, akaona na moshi, akajua mama yake yuko ndani. Akapapita. Akaenda kwanza kwa baba wa yule mwenzake, akaketi mlangoni, akasema, nimerudi bila yeye, niulizeni. Wakamuuliza. Wakauliza mpaka jua likageuka. Waliponyamaza ndipo akainuka akaenda kwao, na mama yake hakumlaumu, kwa sababu alijua alikotoka. Akasema, "Mkiondoka wawili ukarudi mmoja, hujarudi mpaka ufike kwa mwenzako. Nyinyi mlimwingiza huyu kwa mama yake, mkamnywesha, mkapiga kelele. Mmemfungia njia wenyewe. Sasa mnamletea na kwaya!"

Watu waliangalia chini. Mama mkwe aliacha kulia ghafla, kama mtu aliyeelewa kitu. Mzee akamgeukia Kibet, na sauti yake ikawa nyingine kabisa. Akamwambia, "Ingia, kijana wangu. Mimi nitakuwa hapa hapa." Akatafuta jiwe akakaa. Na yeye alipokaa, hakuna aliyethubutu kubaki amesimama. Kwaya yote ikakaa kwenye nyasi zenye maji na sketi zao nyeupe.

Mama mkwe akanisukuma, akasema mfuate, peleka maziwa. Ndiyo sababu nilikuwepo ndani. Vinginevyo haya ningeyasikia kwa watu, na watu wangekuwa wametia chumvi.

Mama Kiplangat alikuwa ameshaingia, ameweka kiti. Yeye na Kibet waliongea Kikipsigis, na maneno yaliyonipita Kibet mwenyewe alinieleza baadaye. Aliniambia niweke kibuyu changu chini, hapa kuna maziwa. Akashusha kile alichokuwa anakisugua, hapana, nasema vibaya, hicho kilikuwa kitupu. Akashusha kingine kilichokuwa kimejaa. Kumbe alikuwa navyo viwili vya Kiplangat na alikuwa bado anavijaza kwa zamu, kaburi likiwa nje pale limeshaota majani. Akamimina, akampa Kibet kikombe. Kibet akakishika. Hakunywa. Nadhani alikuwa anangoja lile swali. Unalijua wewe ni swali gani. Kwa nini wewe.

Mama Kiplangat akaketi mbele yake, akafuta mikono kwenye leso, akauliza, "Siku ile alikuwa amekula?"

Kibet akamwangalia. Kisha akasema, "Alikula, mama. Alikula chake, akachukua na mkate wangu. Akaniambia mimi nimenenepa siuhitaji."

Na Mama Kiplangat akacheka. Haki nakwambia, alicheka kwa sauti, kile kicheko cha mama aliyemjua mtoto wake, akasema, "Huyo ndiye. Huyo ndiye wangu." Halafu akalia, na Kibet akalia, akanywa yale maziwa akilia. Mimi nilisimama mlangoni na viatu vyangu vya harusi, sikujua niangalie wapi.

Kisha akaanza kuuliza. Kule kulikuwa na baridi? Alikuwa anaimba? Ile sweta niliyomfumia aliivaa au aliiona ya kizamani? Nani alikuwa rafiki yake mwingine? Alikuwa na msichana? Kibet, ambaye kwetu alikuwa hajasema zaidi ya amina, aliongea mpaka sauti ikamkauka. Yale magumu alimwambia pia, kwa sababu aliulizwa, na akayaeleza taratibu, na mama hakumkatiza. Nje watu walikaa. Uwanjani mkubwa wa wilaya alihutubia, akapanda gari akaenda, bila shujaa wetu. Naibu wa chifu alikuwa amekaa kwenye nyasi kama wengine, na kwa mara ya kwanza hakuwa na shughuli. Nimehudhuria sikukuu nyingi tangu hapo, nimeona mahema na vipaza sauti, lakini sijaona watu wakimshukuru askari vizuri kuliko siku ile, wamekaa kwenye maji wananyamaza, wanamngoja amalize kuongea.

Sitakudanganya kwamba Kibet alipona siku hiyo. Miaka mingi king'ora cha kiwanda kilikuwa kikimshtua, na kuna kipindi alikunywa pombe vibaya, na mume wangu akapigana naye. Lakini tangu siku hiyo alipita barabarani. Na alikuwa akienda kwa Mama Kiplangat wakichuma chai pamoja, wakati mwingine wakiongea, wakati mwingine wanachuma tu. Mama huyo alipofariki, Kibet ndiye aliyesoma maisha yake kanisani. Sisi wengine hatukuyajua kama yeye alivyoyajua.

Sasa nasaha zangu, na sizipambi. Hao vijana wa tisheti ukiwapata waambie mimi Kogo, bibi yao, nimesema hivi. Kumshukuru mwanajeshi ni jambo jema, na siku ya kufanya hivyo ni jambo jema, msiiache. Lakini anzeni na nyumba ambayo mtu hakurudi. Ingieni humo kabla ya kwenda uwanjani, mkae, hata kama hamna la kusema. Halafu yule aliyerudi msimgeuze bendera ya kusimamisha jukwaani. Muulizeni, na akianza kujibu nyamazeni mpaka amalize. Kama hataki kujibu, kaeni naye. Makofi yapigwe baadaye kama bado yatahitajika.

Na wewe mwenyewe, Weldon. Siku hizi hatuna Mzee arap Mosonik wa kusimama barabarani na fimbo, kwa hiyo imebidi niseme mwenyewe, na si kawaida mwenye msiba kumwita mtu. Nitakuambia ukweli hata kama unaniaibisha. Niliposikia umerudi salama sikufurahi. Nilikaa jikoni nikamuuliza Mungu kwa nini arudi yule wa nyumba ya juu na si wangu. Swali hilo nililipeleka kwa Mungu, ni lake, bado analishughulikia, na mimi na yeye tutaelewana. Kwako sikulileta na sitalileta. Ukija hutalikuta hapa.

Kwako nataka vitu vidogo. Nataka kujua kama alikuwa bado analala na soksi. Alicheka na nani mara ya mwisho. Kama aliwahi kunitaja, na kama hakunitaja usinitungie. Mimi ninaye Gilbert wa kuzaliwa, na wa shule, na wa kuiba sukari. Wa siku zile za mwisho sinaye, unaye wewe peke yako, na unapita naye kwenye chai yangu kila asubuhi ukimficha. Ndiyo maana sasa nafurahi kwamba ulirudi. Nafurahi kabisa, moyo wote. Kama nawe ungebaki kule, mwanangu angekuwa amepotea mara mbili.

Ahsante kwa kwenda. Ahsante kwa kutembea naye. Ahsante kwa kurudi, hiyo hasa, na naomba uiamini.

Mungu akupe usingizi, mwanangu, usingizi usio na kelele. Akufungulie ulimi na akukaushie jasho. Akulindie mama yako aliye na mtoto nyumbani, na asijue kamwe ninayoyajua. Upate mke mzuri, upate watoto wasumbufu, uzeeke mpaka uchoshe watu kwa maneno kama mimi. Na kesho asubuhi ukitoka, uje kwa barabara.